Maganda Yalikuwa ya Baba Yako

Nyumba ya Wazee, chumba namba 6
Kuopio, Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mwanangu Marjut,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kabla ya yote nauliza hali. Mguu ulioteguka ulipokuwa ukishuka ngazi ya darini umepona? Bomba la kisima limeacha kuvuja? Mimi, ukiniuliza, napumua. Daktari ananipa mpaka majani ya mibetula yageuke rangi. Muuguzi Sirpa, mwenye huruma kuliko daktari, ananipa mpaka Krismasi. Mkono bado unashika kalamu ila mistari yangu inapanda kilima. Nisamehe. Wewe mwenyewe nilikukata alama kwa kosa hilo ulipokuwa darasa la saba.

Sasa niseme kabla woga haujanirudia. Kuna jambo nimekuficha miaka sita. Risasi alizopiga baba yako uwanjani katika misimu yake mitatu ya mwisho hakuzishindilia yeye. Nilizishindilia mimi, naye hakujua. Na ule ukurasa wa daftari lake unaotaka kuufuata Jumamosi hii, usiufuate. Ukiufuata, bunduki itakupasukia usoni. Rudia kusoma maneno hayo, kisha endelea.

Jana ulipokuja na mikate yako ya iliki, ulinieleza mambo mengi kwa furaha, nami nikakaa kama gogo. Ulisema polisi wamekupa kibali. Ulisema Tarmo wa klabu yetu ameandika jina lako kwenye orodha ya mashindano ya Agosti ya bunduki kuukuu za jeshi, na kwamba utapiga kwa bunduki ya baba yako, kwa risasi za mkono wako mwenyewe, kama alivyoziandika yeye siku aliposhinda mara ya mwisho. Makopo yake yote mawili ya bati, yale ya baruti, umeyakuta kabatini. Kilichokosekana ni komeo la bunduki, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, na ukaniuliza kwa upole kama najua liliko. Nikakujibu kwamba mvua ya mwaka huu imechelewa. Ukasema ndiyo, hata viazi vitachelewa. Tangu urudi kuishi katika nyumba ya baba yako umekuja kuniona mara nne, na mara zote nne tumezungumza hali ya hewa. Sisi watu wa huku tunaweza kufa kwa adabu.

Komeo nilimwachia Tarmo, liko ndani ya kabati lake la chuma. Leo asubuhi nimemwita, nikamwagiza akuletee barua hii kwanza, akae jikoni kwako anywe kahawa mpaka umalize kusoma, ndipo akukabidhi komeo. Aliutazama unene wa bahasha, akaniuliza kama ni barua ya mapenzi. Nikamwambia ndiyo, kwa namna yake. Akasema basi atakunywa vikombe viwili.

Ulikulia mbali na uwanja wetu, mama yako hakupenda kelele zake, kwa hiyo acha nikueleze desturi yetu. Kwenye klabu yetu hakuna anayenunua risasi za dukani. Kila mtu hukusanya maganda yake baada ya kupiga, akayasafisha, akatia kitakoni fataki mpya, kile kidonge kinachowasha baruti, akapima baruti kwa mizani, akabana kichwa kipya juu. Risasi za mtu ni siri yake na dhamana yake. Usipige risasi iliyoshindiliwa na mwingine, na kisanduku cha mwenzako usikiguse, hata kama kimekuzibia njia. Kukigusa ni kama kuonja mchuzi katika sufuria ya mke wa mtu. Mashindanoni sheria ni hiyohiyo: kila mmoja hupiga alichoshindilia mwenyewe.

Katika desturi hiyo baba yako alikuwa mfalme. Kauko Tolvanen alinoa misumeno ya kiwanda cha mbao miaka thelathini na minane. Alikuwa akipitisha kidole kwenye jino la msumeno, akajua limekosewa kwa unene wa unywele. Mimi mwalimu wa hesabu nilikuwa na vitabu na majedwali, yeye alikuwa na vidole. Kwa miaka arobaini na mmoja alinishinda karibu kila Agosti, na kila mara akaniambia, “Mwalimu, hesabu unazijua, ila baruti haisomi.”

Kazi yangu klabuni ilikuwa geji. Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei nilipima bunduki za wote kabla msimu haujafunguliwa. Utaifanya kazi hiyo wewe mwenyewe safari hii, kwa hiyo sikiliza. Bunduki zetu hizi huikamata risasi kwa ukingo wa kitako chake. Kati ya uso wa komeo na mahali ukingo unapokaa pana mwanya. Ukiwa mdogo mno, komeo halifungi. Ukiwa mkubwa, ganda hurushwa nyuma wakati wa kupiga, likavutika, mwishowe likakatika, na moto wote ukamrudia mpigaji. Ninazo geji mbili, vipande vya chuma vya mviringo kama sarafu. Toa kwanza pini na kucha ya komeo ili pasiwe na kitu cha kukusaidia wala kukuzuia. Weka geji nyembamba, funga komeo kwa vidole viwili tu: lifunge. Kisha weka nene: likatae. Likifunga hata hiyo nene, bunduki hiyo imechoka na usiipige. Usilazimishe kamwe. Komeo linalolazimishwa hudanganya. Namba iliyogongwa kwenye komeo nayo iwe sawa na iliyo kwenye mtutu.

Miaka sita iliyopita, Mei, nilipima bunduki ya baba yako. Nyembamba ilifunga, nene ikakataa, kama kila mwaka. Tukapiga. Alipoondoka kwenda kuchukua kahawa, niliokota ganda lake moja lililoangukia kwangu, na karibu na kitako nikaona mzingo unaong'aa, mwembamba kama pete ya mtoto. Tulio katika kazi hii tunaijua pete hiyo. Nilikunja ncha ya waya, nikauingiza ndani ya ganda, nikaukwaruza kwenye ukuta wake wa ndani. Uliteleza, kisha ukanasa katika mfereji. Ganda lilikuwa karibu kukatika.

Sikufikiri kingine, nilidhani ni bunduki. Nikaipima tena pale pale, mara tatu, mpaka Tarmo akapiga kelele, “Mwalimu, unaipima au unaiposa?” Bunduki ilikuwa nzima. Nikamuuliza Kauko ganda lile limepigwa mara ngapi. Baba yako, ambaye kila baada ya kupiga aliweka alama ya kisu kwenye sanduku na kuyatupa maganda yakifika nane, alinitazama kwa macho matupu, akasema, “Mara kadhaa.” Marjut, nilimfahamu mtu huyo miaka arobaini na sijawahi kumsikia akisema “kadhaa.”

Wakati huo alikuwa ameshaacha kuendesha gari, na mimi ndiye niliyempeleka uwanjani. Kisanduku chake cha risasi kilikaa kwenye gari langu tangu Alhamisi, maana alipenda kuwa tayari mapema. Alhamisi iliyofuata nilifanya jambo ambalo hakuna mwanachama aliyewahi kulifanya. Nilikifungua kisanduku cha mwenzangu. Nikavuta vichwa vya risasi ishirini, nikamwaga baruti ya kila moja kwenye mizani. Kumi na sita zilikuwa kamili mpaka sehemu ya mia ya gramu. Tatu zilikuwa na nusu ya baruti. Moja haikuwa na kitu ndani, ganda, fataki na kichwa tu.

Nilikaa mbele ya mizani mpaka chai ikapoa. Kisha nikazishindilia upya zote ishirini, kwa baruti yangu, kwa kipimo chake cha miaka yote. Maganda mabovu niliyatupa, badala yake nikatumia mengine yake mazima. Ganda likishapigwa hunenepa, likachukua umbo la chemba ya mtutu uliolipiga, na tangu hapo linakaa vizuri katika bunduki ile moja tu. Kila kitu kingine ndani ya risasi zile kilikuwa changu. Maganda yalikuwa ya baba yako.

Kulikuwa na shida ya rangi. Ulipokuwa msichana unakumbuka alivyokuwa akizungushia fataki rangi ya kucha ya mama yako ili unyevu usiingie. Mama yako Hilkka alipofariki, kichupa kilibaki, naye akaendelea nacho. Ilinibidi nitafute rangi ileile. Nilikwenda dukani nikiwa nimevaa kofia mpaka machoni, nikachagua vichupa dirishani penye mwanga, na msichana wa dukani, mwanafunzi wangu wa zamani, akaniuliza, “Mwalimu, mchumba anaitwa nani?” Nikajibu, “Kauko.” Alicheka mpaka akakosea chenji.

Tukaendelea hivyo. Kila Alhamisi nilivunja kazi yake na kuijenga upya, na kila Jumamosi nilikaa ubavuni pake nikimpa risasi mojamoja. Ili bunduki isikae kwake ikiwa hai, nilimwambia geji yangu imeanza kunitia wasiwasi, nataka kupima komeo lake kila wiki, kwa hiyo libaki kwangu. Akasema, “Chukua, mwoe kabisa.” Ndiyo sababu hukulikuta.

Msimu wa kwanza baruti ilipungua tu. Baadaye likaja jambo la mabati. Katika kabati lake kuna bati la kijani na bati jekundu. La kijani ni baruti ya polepole, ya risasi kamili. Jekundu ni baruti ya haraka, kwa risasi nyepesi za mazoezi, ambayo huwekwa kidogo sana, chini ya robo ya ile nyingine. Ukitia ya bati jekundu kwa kipimo cha bati la kijani, mtutu hauwezi kuistahimili, hakuna mtutu unaoweza. Baba yako alianza kuyabadilisha. Alimimina kutoka jekundu, akapima kipimo cha kijani kwa uangalifu wake wote, na kwenye daftari, kwa ule mwandiko wake ulionyooka kama ubao uliorandwa, akaandika: jekundu. Ukurasa unaoupenda, wenye alama za mashindano na nyota pembeni, ni mmoja wa kurasa hizo.

Nililichukua bati jekundu mara moja. Alilitafuta siku tatu, akabadilisha kufuli ya mlango, akamtuhumu tarishi wa posta, akalia. Nikalirudisha, nikasema lilisahaulika garini. Sijisifu kwa hilo. Mtu mwenye akili angefanya vingine.

Mashindano yale ya mwisho uliyasikia kwa simu tu, kwa hiyo nikueleze. Alipata tisini na tatu, mimi tisini na moja. Tarmo alipotangaza, aliongeza kwamba risasi za Kauko siku hizi zinanyooka kuliko ndevu zake. Zawadi ilikuwa kikombe na pakiti mbili za kahawa. Jioni tulikaa sauna, wazee wawili uchi, wekundu kama kamba waliochemshwa. Akaniwekea mkono begani, akasema, “Reino, ndugu yangu, una elimu ya kutosha. Mkono ndio huna. Njoo majira ya baridi nikufundishe kushindilia.”

Nikaenda. Kila Jumanne nilikanyaga theluji mpaka karakana yake, naye akanifundisha tangu mwanzo, jinsi ya kuishika mizani pumzi isiiguse, jinsi ya kusikiliza fataki inapokaa. Jumanne iliyofuata alinifundisha somo lilelile. Somo la kwanza nimelisoma mara kumi na moja. Kila mara alifurahi jinsi ninavyoelewa haraka. Mara ya mwisho alinisifu kwamba kwa mtu anayeanza leo, nina kipaji, akauliza kama nina kazi, kwa sababu kiwanda cha mbao kinatafuta watu. Nilisema nitafikiria.

Kwa hiyo ushindi ule wa tisini na tatu ulikuwa wa jicho lake na kidole chake, hilo sikumpa mimi, lakini risasi zilikuwa zangu, na kwa sheria yetu hakustahili kushindana. Kamati wakitaka kikombe, wape. Wakitaka na kahawa, waambie nilimsaidia kuinywa.

Mwanangu, kipimo cha kweli nimekutumia. Kiko katika daftari langu, lile la jalada la buluu lililo ndani ya bahasha hii. Kila Alhamisi ya misimu mitatu imo, ni risasi ngapi nilifungua, nilikuta nini ndani, na nilitia nini badala yake. Fuata safu ya mwisho ya kulia, bati la kijani, na anzia chini ya kipimo hicho ukipanda kidogokidogo kama walivyokufundisha kwenye kozi. Pima kila moja mara mbili. Baruti ya bati jekundu imwage juu ya nyasi, itawanye mbali mbali kama mbolea, na bati lenyewe liponde. Kurasa za mwisho za daftari la baba yako usizichome. Zikunje tu, uandike juu kwa kalamu nyekundu kwamba si za kutumia. Mwandiko ni wake, nao ni mzuri.

Nilitaka kukunakilia kipimo peke yake kwenye karatasi safi, bila tarehe. Jana ulipoondoka nilianza kufanya hivyo. Nilifika mstari wa nne nikaichana, maana nilijua kwa nini naacha tarehe. Daftari la buluu lina tarehe zote, na wewe ni mwanafunzi uliyekuwa ukisahihisha ubao wangu mbele ya darasa. Ungeziona.

Msalimie Tarmo anayekusubiri hapo jikoni, mwambie asimalize mikate. Wasalimie majirani wa ng'ambo ya ziwa, hasa mama mzee Aune, kama bado ananikumbuka kwa uzuri. Kaburini kwa wazazi wako nipelekee maua madogo, yale ya porini, Kauko hakuwapenda watu wanaonunua maua. Wewe mwenyewe uwe na afya, ule vizuri, na Agosti upumue nusu, usimame, kisha ubane taratibu. Nakupenda kama ambavyo ningempenda wangu, nami sikujaliwa.

Lililobaki ni hili. Alipohamia nyumba ya kutunzwa ulikuja kutoka Gothenburg, na baba yako akakuita dada, akakuuliza kwa heshima umetoka kijiji gani. Kwenye korido ulinishika mikono yote miwili, ukaniuliza, “Baba mdogo, ilianza lini?” Nikakujibu kwamba ilikuja ghafla, kwamba hakuna aliyeona. Ukaniamini. Ukanishukuru hata.

Fungua daftari la buluu, Jumapili ya pili ya Machi, baada ya msimu wa kwanza. Ndiyo siku pekee isiyo Alhamisi. Ulinipigia simu saa nane mchana. Mezani mbele yangu palikuwa na risasi kumi na mbili za baba yako alizoshindilia wiki ile, na ndani ya tano kati yake nilikuwa nimekuta baruti ya bati jekundu. Uliniambia baba amekuita Hilkka mara mbili kwenye simu. Uliniambia hospitali yako inakupa likizo ya mwaka mzima ukitaka, na kwamba ukiikataa utatumwa Norwe kwa miaka miwili. Ukaniuliza kama uje. Wakati huo bado alikuwa akikujua, Marjut. Alikuwa na mwaka mzima, na zaidi, wa kukujua.

Nilikuwa na mizani mbele yangu. Nilijua tangu Mei, kwa tarehe na kwa sehemu za mia za gramu. Nilikwambia usije, ni uzee tu, kwa sababu ungekuja ungemweka chini ya uangalizi wako, naye asingekuwa tena wangu siku za Jumamosi.

Reino Kettunen